Kila Rangi na Bomba Lake

Kabla hajawa fundi umeme, Msusi alikuwa msusi kwelikweli. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye kioo kirefu na viti vitatu visivyofanana, na wanawake walikuwa wanawapita wasusi wengine njiani ili wafike kwake, kwa sababu mistari aliyoigawa kichwani ilinyooka kama imepigwa rula na mtu aliweza kuilalia bila kichwa kumuuma. Siku moja mashine ya kukaushia nywele ilikata roho juu ya kichwa cha mteja. Fundi aliyeitwa alisema atakuja kesho, na kesho ya mafundi kila mtu anaijua. Msusi akaifungua mwenyewe kwa kisu cha mezani, akakuta waya mmoja mwembamba umekatika pale unapojikunja, akauunga, mashine ikanguruma. Mteja alikuwa bado ameketi, nusu ya kichwa imekauka, nusu inachuruzika maji.

"Kumbe na huku unasuka," alisema mteja.

Habari ikatembea. Watu wakaanza kuja kusukwa na pasi mbovu wamezibana kwapani. Mtoto wake wa kwanza alipomaliza shule, Msusi aliweka vitana kabatini akaingia chuo cha ufundi, akakaa darasani na vijana waliomwita mama na kunakili majibu yake, akatoka na cheti na buti za ngozi zilizomkwaruza visigino mwaka mzima. Majirani walimuuliza mumewe, mwokaji wa mikate, kama haoni ajabu mke wake kupanda ngazi za mafundi. Alijibu, "Mimi nakanda unga tangu ujana, na hakuna aliyekuja kuniuliza."

Jina la Msusi halikubaki kwenye kile chumba cha kioo. Mafundi wenzake mwanzoni walilitumia kumtania, mpaka walipoona kazi yake. Ukifungua kasha la umeme alilofunga yeye, unakuta nyaya zimelala bega kwa bega, zimefungwa kwa nafasi zilizo sawa, kona zote zimekunjwa kwa kipimo kimoja, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Wako mafundi duniani wanaoficha kazi yao nyuma ya mfuniko na kuomba usifunguliwe kamwe. Msusi alikuwa anatafuta kisingizio cha kuufungua.

Kwa miaka alifunga nyumba, maduka na zahanati ndogo. Kazi kubwa zilikwenda kwa wanaume wawili waliokuwa na vikosi vyao. Msusi naye alitaka kikosi chake, na hakukitaka kimyakimya. Alimwambia mkandarasi wao, mtu mnene mwenye sauti ndogo ambaye wote walimwita Bosi, mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai.

"Bosi, nitasaidia vikosi vya wenzangu mpaka lini? Hata kuku huachiwa vifaranga vyake."

Bosi alicheka, akafikiri, na kazi ya kiwanda cha mikate ilipoingia akampa. "Njia kuu ya umeme ni yako, kutoka transfoma mpaka bodi kuu ya matanuri. Mkaguzi akiipitisha, una kikosi. Asipoipitisha, tusizungumze tena habari za kuku."

Kiwanda hicho ndicho alichofanyia kazi mumewe. Matanuri ya kuni yalikuwa yamebomolewa, na mapya ya umeme yalisimama kwenye ukumbi yakiwa bado na nailoni zake, yanang'aa kama maharusi. Kwa hiyo nyumbani kwa Msusi habari ya ile kazi ililiwa pamoja na chakula cha jioni, na kila mtu alikuwa na maoni, hata mtoto wa mwisho.

Tanuri la umeme ni mlaji. Waya mmoja wa kulisha matanuri yote yale ungekuwa mnene kama mkono wa mtu mzima, na usingekubali kupinda kona hata ungeubembeleza. Ndiyo maana mzigo wa namna hiyo hugawanywa. Umeme mkubwa huja kwa njia tatu, kila moja na rangi yake. Badala ya kebo moja nyekundu zinakwenda kebo nne nyekundu, zinaanzia mahali pamoja na kuishia mahali pamoja, kila moja imebeba robo yake. Njano hali kadhalika, buluu hali kadhalika, na nyeusi, ile nyutro ya kurudishia umeme. Sheria yake ni kali kuliko ya mirathi. Kebo zinazogawana mzigo sharti ziwe za metali moja, unene mmoja, ganda la aina moja, urefu mmoja, na ncha zake zibanwe kwa namna moja. Ikitokea moja ni fupi, umeme, ambao ni mvivu kama sisi sote, utakimbilia njia fupi, na kebo hiyo itaungua kwa kufanya kazi ya wenzake.

Sheria hiyo ilimkaa Msusi moyoni kama imetungwa kwa ajili yake. "Watu husema udugu ni kufaana, si kufanana," alimwambia msaidizi wake. "Kwa kebo ni vyote viwili."

Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwanamume mwembamba aliyejaliwa maneno kuliko misuli.

"Kama ndugu ni kufanana, shemeji, basi mimi na kaka tungeshaunguza nyumba."

"Nyinyi hamuwezi kuunguza kitu."

"Kwa nini? Mimi si ndiyo ile fupi?"

"Ile fupi inafanya kazi, shemeji. Wewe tafuta mfano mwingine."

Walizilaza kebo zote uani, zikinyooka sambamba kama watoto wanaopimwa urefu, wakazikata pamoja. Kisha Msusi akafungua mchoro wa mhandisi. Mchoro ulionyesha mabomba manne ya chuma yanayopita ukutani, kila bomba na kebo nne ndani yake. Haukusema zipi zikae na zipi. Msusi hakuona swali hapo. Kwenye nyumba na maduka yote aliyowahi kufunga, bomba lilikuwa moja na nyaya zote ziliingia humo, hapakuwa na la kuamua. Sasa alikuwa na mabomba manne na rangi nne, na mtu aliyegawa nywele nusu ya umri wake hawezi kutazama hesabu kama hiyo akapata shida. Nyekundu bomba la kwanza, njano la pili, buluu la tatu, nyeusi la nne. Kila rangi na bomba lake.

Walipomaliza, kasha la bodi kuu lilikuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Makundi manne ya rangi yaliingia kutoka juu na kushuka moja kwa moja mpaka kwenye vipande vyake vya shaba, bila kuvukana. Bosi alilipiga picha. Wale wanaume wawili wenye vikosi walikuja kutazama, mmoja akasema "Hm," na Msusi akaichukua hiyo "Hm" akaenda nayo nyumbani.

Matanuri yakawashwa kwa majaribio ili waokaji wayazoee kabla ya ukaguzi. Jioni moja mume wa Msusi alirudi na unga kwenye nyusi, akaketi, akasema, "Mama watoto, mabomba yako yana baraka."

"Baraka gani tena?" Msusi alikuwa anamenya chungwa.

"Pale ukutani yanapopita, nyuma ya meza ya kukandia. Jana nilikosa nafasi, nikasogeza beseni la unga pale. Nageuka hivi, unga umeshaumuka, unachungulia nje. Leo tumeyapanga mabeseni yote pale. Wenzangu wanasema nikushukuru."

Kisu kikasimama kwenye ganda la chungwa. "Yana joto?"

"Ya uvuguvugu, mazuri tu. Kama paji la mtoto mwenye homa."

"Yote?"

Mume akafikiri. "Matatu. La mwisho ni baridi. Hilo tunampa anayechelewa kazini."

Msusi aliweka chungwa chini.

"Sasa mbona huli?"

"Bomba la umeme halitakiwi kuumua unga, baba watoto."

Asubuhi alifika kiwandani kabla ya shemeji yake, matanuri yakiwa yameshawashwa na waokaji wa alfajiri. Aliweka kiganja kwenye bomba la kwanza. Haikuwa tena homa ya mtoto. Ilikuwa sufuria ya chai iliyosahaulika motoni. La pili vilevile, la tatu vilevile. La nne lilikuwa baridi kama ukuta. Akasogeza mabeseni pembeni, akafungua bodi, akachukua mita ya kubana, ile inayokumbatia waya na kusoma umeme unaopita, akapima kebo moja moja. Nyekundu nne zilikuwa zimegawana mzigo sawasawa. Njano sawa. Buluu sawa. Hakuna kebo iliyozidiwa, hakuna ncha iliyolegea. Kila alichofundishwa kukitazama kilikuwa mahali pake, na chuma kilikuwa kinachemka.

Shemeji yake alipofika alishika bomba, akapuliza vidole. "Labda ni joto la tanuri linapita ukutani."

"Na hili la nne liko ukuta wa nani?"

Shemeji akakuna kidevu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na kwa nia njema, "Mkaguzi anakuja keshokutwa asubuhi. Matanuri yakiwa yamezimwa tangu jioni, chuma kitakuwa baridi. Chuma baridi hakitoi ushahidi. Upate kwanza kikosi chako, haya mengine tutayatafuta polepole."

Msusi alilifikiria neno hilo, na tusiseme hakulifikiria. Alikuwa amekisubiri kile kikosi muda mrefu kuliko alivyokuwa tayari kuhesabu. Alitazama kupitia mlangoni upande wa pili wa ukuta, ambako mumewe na wenzake walikuwa wameyageuzia mabomba migongo, wanaota joto na kucheka.

"Niitie mhandisi," alisema.

Mhandisi alikuwa binti mdogo, kofia yake ya kazi ilikuwa kubwa mpaka ikabidi ainue kidevu ili aone. Alimwamkia Msusi, akashika mabomba, akavuta pumzi, akaomba afunguliwe bodi. Uso wake ukachangamka.

"Mama, kazi hii ni nzuri sana." Kisha uchangamfu ukaanza kumtoka. "Mama, nyekundu zote zimepita humu?"

"Zote."

"Na njano zote mle?"

"Kila rangi na bomba lake, mwanangu."

Binti akavua kofia, akakaa juu ya gunia la unga bila kulifuta.

"Ngoja nieleze nisije nikachanganya," alisema. "Umeme ukipita ndani ya waya haukai ndani tu. Unapiga kelele nje, kelele ambayo sikio letu halisikii ila chuma kinaisikia. Kinatetemeka nayo mara nyingi kwa sekunde, mpaka kinapata moto. Sasa ukiweka nyekundu, njano, buluu na nyeusi pamoja, hii ikisukuma ile inavuta, kelele zinafutana, bomba halisikii chochote. Ukiweka nyekundu peke yake na nyekundu wenzake, zote zinasema neno moja kwa wakati mmoja."

"Kama mikutano ya ukoo wetu," alisema shemeji.

"Nyamaza," alisema Msusi. Alikuwa anatazama bomba la nne. "Na hili ni baridi kwa kuwa matanuri yamegawana sawa. Hakuna kinachorudi kwenye nyutro. Halina la kusema."

"Ndiyo, mama. Na hayo matatu, mkiyaacha hivyo, joto litakausha maganda ya kebo mpaka yapasuke. Siku hiyo hamtakuwa mnaumua unga."

Msusi aliuliza taratibu, "Mbona mchoro haukusema?"

Binti akainamisha kichwa. "Nilidhani inajulikana."

"Na mimi nilidhani naijua."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakacheka, kicheko cha watu walioanguka kutoka ngazi moja.

Aliyevuliwa nguo huchutama. Msusi hakubishana, hakutafuta wa kumtupia. Aliomba matanuri yazimwe, akaukata umeme, akafunga kufuli kwenye swichi kuu na ufunguo akautia mfukoni. Lakini kabla ya kulegeza nati ya kwanza alisimama mbele ya bodi iliyo wazi, mikono nyuma, kwa muda. Mumewe akapita na beseni.

"Unaiaga?"

"Naiaga."

"Chukua muda wako," akasema, akaenda zake.

Kuchomoa kebo nene ni kazi ya mikono mingi, na kuzirudisha ni zaidi. Kikosi cha Msusi siku hiyo kilikuwa mtu mmoja mwembamba. Lakini matanuri yakizimwa waokaji hawana la kufanya, na mtu aliyekanda unga miaka yote ana mabega ya kukokotea gari. Mumewe aliwaita, wakaja na aproni zao, wakajipanga kwenye kamba kutoka ukumbini mpaka uani. Shemeji alipewa ndoo ya sabuni ya kulainishia kebo zikiingia bombani, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameipaka kebo, sakafu na nyusi zake mwenyewe.

Msusi alisimama mdomoni mwa bomba akizipanga: nyekundu moja, njano moja, buluu moja, nyeusi moja, zimefungwa ncha kwa pamoja, na waya wa kijani wa ardhi ukizisindikiza. "Vuteni. Taratibu. Baba watoto, hiyo si ng'ombe."

"Inavuta kama ng'ombe," alijibu mumewe kutoka mbali.

"Simameni. Shemeji, sabuni iende kwenye kebo."

"Kwani inakwenda wapi?"

"Jiangalie."

Waokaji wakacheka mpaka kamba ikalegea, ikabidi waanze upya. Bomba la kwanza liliwatoa jasho. La pili walilipatia mwendo, mmoja akihesabu na wengine wakiitikia, kama wanavyofanya wanapobeba magunia ya unga. La nne lilijaa kabla mhesabuji hajafika mwisho wa hesabu yake.

Shida ilikuwa kwenye bodi. Sasa nyekundu ziliingia kutoka mabomba manne tofauti, na zote zilitakiwa zifike kwenye kipande kimoja cha shaba. Nyekundu ya bomba la mbali ilifika ikiwa imenyooka kabisa. Ya bomba la karibu ilifika ikiwa na ziada ya kutosha kumvisha mtu mkanda. Njano na buluu hivyohivyo. Ndani ya kasha, kebo zilijikunja na kutoa matumbo, zikavukana, nyeusi juu ya buluu, njano chini ya nyekundu.

Shemeji alimwonea huruma. Alileta mkasi mkubwa wa kebo bila kuombwa. "Tupunguze hizi za karibu, shemeji. Zikae kama kazi zako za siku zote."

Msusi alikuwa ameshainua mkono kuupokea. Mkono ukabaki hewani.

"Ukizipunguza zinakuwa fupi kuliko wenzake," alisema polepole, kama mtu anayejisomea. "Zitabeba zaidi. Rudisha mkasi."

"Lakini tazama."

"Naona. Rudisha."

Akayapanga yale matumbo kwa subira, akayafunga yasicheze, akayapa nafasi ya kupumua. Hayakuwa mazuri. Alipoufunga mfuniko aliufunga haraka, jambo ambalo shemeji yake alikuwa hajawahi kuliona.

Mkaguzi alikuja siku yake, mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kamba. Bosi alikuwepo, na mhandisi, na waokaji waliokuwa wanajifanya wanafagia. Mkaguzi alisalimia, akatazama mabomba, akasema, "Washeni matanuri yote. Kisha nipeni chai."

Shemeji, yule wa chuma baridi, akachukua ufagio akaungana na waokaji.

Mzee alikunywa chai bila haraka, akauliza habari za watoto, akaomba kikombe cha pili. Matanuri yalipokuwa yamewaka vya kutosha alisimama, akaweka kiganja kwenye bomba la kwanza, akakiacha pale. La pili. La tatu. La nne. Yote yalikuwa na ubaridi mmoja. Umeme ukazimwa, akaomba bodi ifunguliwe.

Bosi ndiye aliyeona kwanza. "Msusi, hiki ni nini? Ile picha niliyopiga ilikuwa imenyooka. Humu kumevimba."

Msusi angeweza kusema mengi. "Nilikosea," alisema. "Nilitenga rangi, kila moja na bomba lake, mabomba yakapata moto. Tumefumua kebo zote na kuzivuta upya. Hiyo ziada ni ili nyekundu zote zilingane urefu, na nyingine vilevile. Sitaikata."

Bosi akamgeukia mkaguzi kama mtu anayetaka kuomba radhi. Mzee alikuwa ameingiza kichwa karibu na kasha, anafuata kebo moja kwa kidole kutoka bombani mpaka kwenye shaba. Akafuata ya pili.

"Hayo matumbo ndiyo niliyokuja kuyatafuta," alisema. "Wengi huyakata ili bosi afurahi." Akapiga muhuri wake, akarudi kumalizia chai.

Bosi alibaki anaitazama bodi. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Kwa hiyo ulikosea, ukafumua, ukavuta upya, na mimi sikuambiwa."

"Ungeambiwa ungekuja kusimama mlangoni, na kebo zinapita mlangoni."

Mkaguzi akapaliwa na chai. Waokaji wakaacha kufagia. Bosi akatazama tumbo lake, akatazama mlango, na bila kupenda akacheka.

"Kikosi unacho," alisema. "Hospitali mpya inaanza wiki ijayo, njia kuu mbili. Na wa kwanza kwenye kikosi chako ni huyu shemeji yako, maana wenzako wote wamemkataa."

"Bosi, nihurumie," alisema shemeji. "Huyu ananituma nyumbani. Sasa anitume na hospitalini?"

"Siku ya kwanza saa moja kamili asubuhi," Msusi alimwambia, "na uvae buti. Ukija na kandambili nakurudisha kwa kaka yako ukachekeche unga." Akainama, akashika ukingo wa mfuniko wa bodi, ambao ulikuwa mzito kwa mtu mmoja. "Shika huko."

"Kikosi hakijaanza, shemeji. Kinaanza wiki ijayo."

"Shika."

Akashika.